Kalamu na Boma: Njia ya Kazi ya Serikali Arusha

Boma la Arusha, walilolijenga Wadachi mwaka 1900 chini ya Mlima Meru, na ambalo leo ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, ndimo serikali ilimoanza kuutawala mji huu kwa hati na daftari. Na zama hizo aliyetamani ukarani alihitaji kusoma, kuandika na kuhesabu kwa herufi za Kirumi, ilimu iliyopatikana katika shule ya serikali ya Tanga, safari ya siku nyingi kutoka hapa.

Baada ya uhuru, madhali wasomi walikuwa wachache mno, serikali yenyewe ilimpangia kazi mhitimu wa chuo kikuu, desturi iliyokoma katika mageuzi ya uchumi ya mwisho wa karne ya ishirini.

Sasa kijana aliyehitimu Chuo cha Uhasibu, Njiro, hupeleka maombi kwa mtandao kwa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, pamoja na barua yenye saini, wasifu na vyeti vilivyothibitishwa, kisha hungojea mtihani wa maandishi na usaili wa ana kwa ana. Kwa rai yangu utaratibu huu una insafu, ila humkuta kijana hajaandaliwa; basi vyuo vyetu viwafundishe vijana kuandika barua ya maombi na kujibu usaili kabla ya kuwakabidhi shahada.