Uuguzi wa saratani

Uuguzi wa saratani ni tawi la uuguzi linalohudumia wagonjwa wa saratani tangu uchunguzi hadi tiba shufaa.

Upasuaji na mionzi ndizo tiba za zamani. Tibakemikali ilianza miaka ya 1940. Baadaye zimekuja dawa zinazolenga kasoro maalumu ya seli, kama imatinib (2001) kwa aina mojawapo ya saratani ya damu, na tiba zinazoamsha kinga ya mwili.

Tibakemikali nyingi hutiwa mshipani na muuguzi, na hapo kosa moja huweza kuua. Vinkristini ikichomwa kwenye uti wa mgongo kwa kawaida husababisha kifo, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani hushauri itayarishwe katika mfuko mdogo wa dripu, si katika bomba la sindano. Ikivuja nje ya mshipa huunguza nyama. Mgonjwa akilalamika maumivu, muuguzi husimamisha dawa papo hapo.

Hatari nyingine hutokea nyumbani. Takriban siku 7 hadi 14 baada ya dawa nyingi za aina hii, chembe nyeupe za damu hupungua sana. Homa ya 38°C wakati huo ni dharura, hata kama mgonjwa anaonekana mzima. Muuguzi humfundisha yeye na jamaa zake kwenda hospitali mara moja, hata usiku, badala ya kumeza parasetamoli na kungoja siku ya kliniki.

Nchini Uganda, mwaka 2004, wauguzi waliosomea tiba shufaa waliruhusiwa kisheria kumwandikia mgonjwa mofini ya kunywa.