Mashine ya kupachika (Ziwa Albert)

Mashine ya kupachika ni injini inayofungwa nje ya tezi ya chombo, ikiwa na propela yake chini na mkono wa kuiongozea juu. Wakongo wengi huiita motere. Katika Ziwa Albert, chombo na motere yake mara nyingi havina umri mmoja, na pengine hata mwenyewe si mmoja: mtumbwi wa mbao ni wa huyu, motere ni ya yule, na samaki hugawanywa kwa hesabu inayowajua wote wawili. Ndiyo maana ununuzi wa chombo mtumba huku ni biashara mbili, ingawa muuzaji angependa zionekane moja.

Mbao na samaki hukutana Komanda, mji usio na ziwa. Ni njia panda katika eneo la Irumu, karibu kilomita 75 kusini-magharibi mwa Bunia, ambapo barabara ya Bunia hukutana na ile inayotoka Beni kuelekea Mambasa na Kisangani. Malori ya mbao kutoka misitu ya Mambasa hupita hapo yakielekea Bunia, Mahagi na Uganda. Samaki huja kwa njia ya upande wa pili: kutoka Kasenyi na Tchomia, ufukweni mwa ziwa, hupanda mlima kupitia Bogoro hadi Bunia, kisha hushuka tena hadi sokoni Komanda, wengi wakiwa wamekaushwa au kutiwa chumvi.

Kwenye chombo mtumba, mbao ndizo za kutazamwa kwanza. Mnunuzi mzoefu haanzi na motere hata kama imepakwa rangi mpya inayong'aa. Huenda moja kwa moja kwenye ubao wa tezi, pale inapobanwa. Huchukua kisu chembamba na kuchoma pembeni mwa matundu ya bolti. Mti mzima hukataa ncha. Mti uliooza huimeza bila kelele, na kisu kikitoka huwa na unyevu mweusi. Kisha hugonga kwa nyundo ndogo kuelekea kwenye mkuku: mlio mkavu ni dalili njema, mlio mzito kama wa ndizi iliyoiva sana ni wa kuondokea. Mvule na mkangazi huvumilia maji miaka mingi, lakini hakuna mti unaovumilia matundu ya zamani yaliyoachwa wazi, maana maji hupenya ndani ya ubao kwa njia hiyo.

Motere yenyewe ina maswali yake. Inayojulikana zaidi katika maziwa ya Afrika Mashariki ni Yamaha Enduro ya mipigo miwili, hasa ya hospawa 15, 25 na 40. Marekani na Ulaya zilizibana injini za namna hii kwa sheria za moshi, lakini kwa soko la Afrika ziliendelea kutengenezwa, na sababu inaeleweka: fundi mwenye spana chache anaifungua na kuifunga ufukweni, bila kompyuta.

Skrubu ya chini ya giaboksi ikilegezwa kidogo, oili hueleza yote. Ikitoka nyeupe kama chai ya maziwa, sili imekufa na maji yameingia. Plagi zikitolewa, mgandamizo wa silinda hupimwa kwa geji. Tofauti ya zaidi ya asilimia 10 kati ya silinda mbili huashiria ringi zilizochoka au ukuta uliokwaruzwa. Motere iliyowahi kufanya kazi baharini, Mombasa au Zanzibar, ichunguzwe njia za maji ya kupoozea, kwa kuwa chumvi huziba na kula aluminiamu hata baada ya chombo kuhamia maji matamu. Kibao cha namba ya injini nacho kisomwe. Wizi wa motere ni balaa la miaka mingi katika ziwa hili, na kibao kilichofutwa kwa tupa kina jibu moja tu: usinunue.

Kuna kosa linalofanywa sana Bunia. Motere hujaribiwa ndani ya pipa la maji, inanguruma vizuri, pesa zinahesabiwa. Lakini Bunia iko karibu mita 1,275 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko karibu mita 620. Injini ya petroli hupoteza takriban asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda, na kabureta iliyorekebishwa mjini kwa hewa nyepesi itakosa petroli ya kutosha kule chini. Mchanganyiko mkavu huchoma pistoni. Marekebisho ya mwisho yafanywe ziwani, chombo kikiwa na mzigo wake wa kawaida.

Kufunga kuna vipimo. Motere fupi hutaka tezi ya inchi 15, ndefu inchi 20. Bapa lililo juu ya propela liwe karibu sawa na sakafu ya nje ya chombo. Ikikaa juu mno, propela hunyonya hewa na injini hupiga kelele bila kusukuma. Ikizama mno, inaburuta maji tu. Bolti zipite ubao mzima, na mnyororo uongezwe. Baada ya pistoni mpya, oili huchanganywa lita 1 kwa 25 za petroli katika saa za kwanza, kisha 1 kwa 50. Petroli ya chupani ya wauzaji wa barabarani, wale ambao miji mingi ya Kongo huwaita Kadhafi, ichujwe kwanza kwa kitambaa. Motere ya hospawa 40 ikifunguliwa hadi mwisho hunywa karibu lita 15 hadi 20 kwa saa, na hapo ndipo wengi hugundua kwamba ya 25 ingewatosha.

Nguvu zaidi pia hushawishi mzigo zaidi. Tarehe 22 Machi 2014, chombo kilichojaa wakimbizi wa Kongo waliokuwa wakirejea kutoka Uganda kilizama katika ziwa hili, na zaidi ya watu 100 walikufa.

Boti za starehe zenye injini ya petroli ndani, si ya kupachika nje, kama zilizotumika zamani kuvulia samsuli Malindi na Shimoni, zina hatari nyingine: mvuke wa petroli hutuama sakafuni, na cheche moja ya swichi inatosha kulipua. Feni ya kutoa hewa huendeshwa angalau dakika nne kabla ya kuwasha.

Chombo kikongwe maarufu kuliko vyote vya Ziwa Albert hakikutumia motere bali mvuke. Kiliundwa Lytham, Uingereza, mwaka 1912 kwa jina la Livingstone, kikatumika katika filamu ya The African Queen ya 1951, na kiliendelea kufanya kazi huku hadi 1968. Mwaka 2012 kilikarabatiwa Key Largo, Florida, na kurudishwa majini kubeba watalii.