Pemba iko mbali na nani?

Kila muhula nasikia kauli ileile darasani, na nimeisikia pia maofisini: Pemba ni maskini kwa sababu iko mbali. Naomba tuisome upya kauli hiyo, kwanza kwa ramani, kisha kwa historia.

Ramani yaonesha kisiwa cha vilima na mabonde, chenye mvua nyingi kuliko Unguja. Waarabu wa kale walikiita al-Jazira al-Khadra, Kisiwa cha Kijani. Magharibi na katikati udongo ni mzito. Mashariki na upande wa Micheweni ni ardhi ya mawe, ambako watu huishi zaidi kwa bahari na muhogo. Hivyo hata ndani ya Pemba rutuba haikugawika sawa.

Aprili 1872 kimbunga kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika. Tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar zimetoka Pemba. Mashamba makubwa yalitegemea jasho la watumwa, mpaka utumwa ulipoondolewa kisheria mwaka 1897. Lakini Wapemba wengi nao walikuwa na mikarafuu yao wenyewe. Kuchuma, kuchambua makonyo na kuanika majamvini kulifanyika Pemba. Bei ilipangwa kwingine.

Chini ya Waingereza, ushuru wa karafuu ulikuwa nguzo ya hazina ya Zanzibar. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali ikawa mnunuzi pekee. Katika miaka ya 1970 bei ya dunia ilipanda sana, lakini mkulima alipata sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Ndipo magendo yakashamiri: karafuu zilivushwa usiku kwa vyombo kuelekea pwani ya Kenya.

Magendo hayo yana somo la jiografia. Mrima uko takriban kilomita 50 tu kutoka Pemba. Mkulima aliyehatarisha uhuru wake kuvuka mkondo ule hakuwa mbali na soko. Alikuwa mbali na meza ilipoamuliwa bei yake.

Kwa hiyo, ndugu zangu mlioko katika utumishi wa umma, mtakapoandika tena katika ripoti kwamba Pemba iko mbali, andikeni pia ni mbali na nani. Bahari haikupanga bei ya karafuu. Waliipanga watu, na kilichopangwa na watu hupanguliwa na watu.