Kalamu na Vazi: Mwanamke wa Siasa katika Magazeti ya Kigali

Wahenga walisema: mke ni nguo, mgomba kupalilia. Methali hii twaifundisha mwaka hadi mwaka, na wanafunzi huieleza upesi kwamba mke hupendeza kwa kutunzwa, kama mgomba unavyostawi kwa jembe. Lakini yatupasa tuulize: mwanamke akiketi katika kiti cha waziri, je, methali hiyo humfuata hata huko? Gazeti linapoandika habari zake, huandika alichosema au alichovaa? Swali hili laonekana dogo. Historia ya mji wa Kigali yatufundisha kwamba si dogo hata kidogo.

Na tumtazame mwalimu mwenzetu. Agathe Uwilingiyimana alizaliwa mwaka 1953 katika mkoa wa Butare, kusini mwa Rwanda. Alisomesha kemia kabla ya kuingia katika kazi za serikali. Mwezi wa Aprili 1992, vyama vingi viliporuhusiwa kushiriki katika serikali, aliteuliwa kuwa Waziri wa Elimu ya Msingi na Sekondari kwa upande wa chama cha upinzani cha MDR. Huko aliondoa desturi ya kugawa nafasi za shule kwa mafungu ya kabila, akataka mtoto achaguliwe kwa alama za mtihani wake. Sisi tunaosahihisha mitihani twajua uzito wa jambo hilo. Kwa uamuzi ule alijipatia maadui wengi. Mwezi wa Julai 1993 alishika uwaziri mkuu, mwanamke wa kwanza katika nchi yake kufikia cheo hicho.

Wakati huo magazeti yalikuwa yamezagaa Kigali. Moja lililovuma sana ni Kangura, lililoanzishwa mwaka 1990 na kuhaririwa na Hassan Ngeze. Gazeti hili na mengine ya mrengo wake yalimchora Bi Agathe katika vibonzo vya aibu, mara akiwa utupu, mara akiwa kitandani pamoja na wanasiasa wa upinzani. Mtazamaji wa vibonzo vile hakuambiwa lolote juu ya shule, wala mitihani, wala Mapatano ya Arusha yaliyotiwa sahihi tarehe 4 Agosti 1993. Aliambiwa tu kwamba huyu ni mwili wa mwanamke. Hapo ndipo ilipo hila ya vazi na utupu. Hoja hujibiwa kwa hoja, lakini mtu aliyevuliwa nguo mbele ya kadamnasi hana la kujibu. Akinyamaza, ataambiwa amekiri. Akisema, watu watacheka.

Wala mchezo huo haukuanza naye. Mwezi wa Desemba 1990, Kangura lilichapa zile ziitwazo Amri Kumi za Wahutu. Amri tatu za kwanza zilihusu wanawake. Mwanamke wa Kitutsi alitajwa kuwa mtego kwa mwanamume. Mwanamke wa Kihutu akasifiwa kuwa mama mwema, mzuri wa sura na karani hodari. Tuyapime maneno hayo kama tupimavyo insha. Yule wa kwanza analaumiwa kwa uzuri, na huyu wa pili anasifiwa kwa uzuri. Katika sifa na katika lawama, hakuna mahali mwanamke alipopewa akili ya kutawala. Bi Agathe alikuwa Mhutu, lakini kwa kuwa alikataa siasa ya ukabila, sifa zile hazikumkinga.

Asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994, siku moja baada ya ndege ya Rais Habyarimana kuangushwa, Bi Agathe alikuwa ametarajiwa kulihutubia taifa kwa redio. Hakufika. Askari wa serikali walimuua, na mumewe pia. Askari 10 wa Ubelgiji waliokuwa katika jeshi la Umoja wa Mataifa, waliotumwa kumlinda, waliuawa siku hiyo hiyo. Watoto wake watano walifichwa wakaokoka. Ndipo yakaendelea mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, ambayo katika muda wa siku 100 hivi yaliteketeza mamia ya maelfu ya watu, na wanawake wengi mno wakanajisiwa.

Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha ilitoa hukumu juu ya wenye magazeti na redio tarehe 3 Desemba 2003. Ngeze alikuwa miongoni mwa waliotiwa hatiani, na baada ya rufani ya mwaka 2007 kifungo chake kikawa miaka 35. Katika hukumu ile ya mwanzo majaji walieleza kwamba kumwonyesha mwanamke wa Kitutsi kama mtego wa uzuri kuliyafanya mashambulio juu ya miili ya wanawake kuwa jambo lililoweza kutazamiwa. Hivyo kalamu ilitangulia, panga likafuata.

Hatusemi kwamba kila mwandishi ataje vazi ndipo damu imwagike. Mwezi wa Machi 2017, gazeti moja la London lilichapa katika ukurasa wa kwanza picha ya viongozi wawili wanawake, Theresa May na Nicola Sturgeon, likashindanisha miguu yao, hali walikutana kwa mambo mazito ya nchi zao. Hakuna aliyekufa. Lakini mazungumzo yao yalifunikwa na sketi. Wala hatusemi kwamba vazi halina maana: kofia ya Kenyatta ilisema neno, na mushanana wa sherehe za Rwanda husema neno. Kipimo ni kimoja: je, maneno haya yangeandikwa juu ya mwanamume aliyeketi katika kiti hicho hicho?

Kipimo hiki kina kazi Kigali kuliko mahali pengi. Katiba ya mwaka 2003 iliwawekea wanawake angalau asilimia 30 ya nafasi katika vyombo vya maamuzi, na uchaguzi wa mwaka 2008 ulilifanya bunge la Rwanda kuwa la kwanza duniani lenye wabunge wanawake wengi kuliko wanaume. Viti vimepatikana, sasa na lugha ivifuate.

Nasi walimu tunayo sehemu yetu. Tuwape wanafunzi habari moja ya gazeti juu ya kiongozi mwanamke, wapigie mstari kila neno la sura na mavazi, kisha waisome upya bila maneno hayo. Kikibaki kitu, hiyo ni habari. Kisipobaki kitu, wameona wenyewe kilichofichwa. Na siku tutakapoifundisha tena methali ile ya nguo na mgomba, tumtaje na mwalimu wa kemia aliyetaka watoto wapimwe kwa alama zao, naye akapimwa kwa mwili wake.