Gitaa la umeme la kutengenezwa nyumbani

Gitaa la umeme la kutengenezwa nyumbani ni ala anayoiunda mpigaji mwenyewe kwa zana za useremala na vifaa vichache vya redio, mara nyingi kwa kufuata michoro ya majarida ya ufundi. Ujenzi huu ulishamiri zaidi Marekani na Uingereza katika miaka ya 1950 na 1960. Majarida kama Popular Mechanics na Popular Science ya Marekani, au Practical Mechanics na Practical Wireless ya Uingereza, yalikuwa yamewazoeza wasomaji kujiundia redio, meza, mashua na darubini. Gitaa la umeme lilipata nafasi humo bila shida, kwa kuwa nusu yake ni kazi ya seremala na nusu ni kazi ya fundi redio.

Gitaa la kawaida ni gumu kuundwa na mtu asiye na uzoefu. Sauti yake hutoka kwenye sanduku lenye uso wa ubao wa unene wa milimita tatu hivi, na ubao huo ukizidi unene kidogo tu, sauti hufifia. Gitaa la umeme halitegemei sanduku. Uzi wa chuma unatetemeka juu ya sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba. Mtetemo huo unavuruga uga wa sumaku na kuzalisha mkondo hafifu wa umeme ndani ya waya, na amplifaya hukuza mkondo huo hadi spika iweze kuutoa kama sauti. Kifaa hicho cha sumaku na koili huitwa hapa kinasa. Uzi wa nailoni hauna kazi juu yake, kwa sababu nailoni haivutwi na sumaku.

George Beauchamp wa Los Angeles alithibitisha kwamba gitaa linaweza kutegemea kinasa badala ya sanduku mwanzoni mwa miaka ya 1930 kwa gitaa dogo la alumini lililopewa jina la utani "kikaango", na akapata hataza yake mwaka 1937. Mpigaji Les Paul alikwenda mbali zaidi. Karibu na mwaka 1940 alifunga shingo, nyuzi na vinasa kwenye gogo la msonobari lenye upana wa inchi nne kwa nne, kisha akabandika nusu mbili za gitaa la kawaida ubavuni ili watazamaji waone umbo walilolizoea. Nusu hizo hazikuwa na kazi yoyote katika sauti. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba mtu mwenye gogo, msumeno na subira anaweza kupata gitaa.

Uingereza baada ya vita

Kwa vijana wa Uingereza kujiundia gitaa ilikuwa karibu lazima. Kuanzia 1951 hadi 1959 serikali ilizuia uingizaji wa ala za Marekani ili kulinda fedha za kigeni, na wakati huohuo muziki wa skiffle, uliochochewa na mwimbaji Lonnie Donegan mwaka 1956, ulimfanya kila kijana atake gitaa. Gitaa la Fender Stratocaster, lililoanza kuuzwa Marekani mwaka 1954, wengi waliliona kwa mara ya kwanza mikononi mwa mpigaji Hank Marvin mwaka 1959. Kabla ya hapo walikuwa na picha tu za kwenye majalada ya sahani za santuri, nao wakakadiria vipimo kutokana na picha hizo. Jeff Beck, aliyekuja kuwa miongoni mwa wapigaji wakubwa wa nchi hiyo, naye alijaribu kujiundia magitaa akiwa kijana.

Jambo jingine lililowasaidia lilikuwa mabaki ya jeshi. Maduka ya vifaa vilivyobaki vitani yaliuza kwa bei ndogo vipokea sauti vya masikioni, maikrofoni za kooni za marubani, valvu na transfoma. Ndani ya kipokea sauti cha masikioni mna sumaku na koili ya waya mwembamba sana, yaani karibu kila kinachohitajika kwa kinasa.

Shingo na freti

Anayeisoma michoro ile leo atakuta maelezo mengi juu ya umbo la mwili, rangi na vanishi. Kwa kweli mwili ndio sehemu rahisi kuliko zote: ubao mgumu uliokauka vizuri, unene wa milimita 40 hivi, unatosha, na seremala wa Afrika Mashariki mwenye kipande cha mkangazi au mninga hana haja ya kutafuta mbao za kigeni. Penye kazi ni shingo. Nyuzi sita za chuma huivuta kwa nguvu inayofikia makumi ya kilo mchana na usiku, na shingo isiyo na ufito wa chuma ndani yake huanza kupinda kama upinde. Mbao ziwe kavu kabisa, mkondo wa nyuzi za mti uende sambamba na urefu wa shingo, na ufito wa kurekebishika uwekwe kabla ubao wa freti haujagandishwa.

Freti, yaani vile vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, hazivumilii makadirio. Kila freti inapandisha sauti kwa nusu toni, na nusu toni 12 hukamilisha okteva, ambapo urefu wa uzi unaotetemeka huwa nusu kamili. Hesabu yake ni hii: gawanya urefu wa uzi, kutoka kidaraja cha juu hadi daraja la chini, kwa 17.817. Jibu ni umbali wa freti ya kwanza. Toa umbali huo, gawanya salio kwa namba ileile, upate nafasi inayofuata, na uendelee hivyo. Kwa uzi wa milimita 648, freti ya kwanza huwa milimita 36.4 kutoka kidaraja cha juu, ya pili milimita 34.3 mbele yake, na ya 12 lazima iangukie milimita 324.

Mafundi wa zamani waligawanya kwa 18 kwa sababu ni rahisi kichwani, na baadhi ya michoro ilirithi desturi hiyo. Tofauti inaonekana ndogo, lakini hujilimbikiza: kwa urefu uleule, freti ya 12 inaangukia milimita 321.6, pungufu kwa zaidi ya milimita mbili, na sauti yake inakuwa chini kiasi cha kusikika. Anayetumia mchoro wa kale na aanze kwa kupima freti ya 12. Ikiwa haiko katikati ya uzi, aache vipimo vyote vya mchoro na afanye hesabu upya. Tena kila freti ipimwe kutoka kidaraja cha juu, kwa maana anayepima kutoka freti hadi freti hubeba kosa la kila hatua hadi mwisho wa shingo.

Daraja la chini nalo husogezwa nyuma milimita mbili hadi nne kuliko hesabu inavyosema, zaidi kwa nyuzi nene, kwa kuwa kuubonyeza uzi hadi kwenye freti huukaza na kuupandisha sauti.

Kinasa

Koili ya kinasa cha kawaida ina mizunguko 7,000 hadi 10,000 ya waya wa shaba wenye kipenyo cha takriban milimita 0.06, mwembamba kuliko unywele wa watu wengi. Hauzungushwi kwa vidole. Wajenzi walitumia drili ya mkono, cherehani, au kimashine chenye kihesabio. Beauchamp mwenyewe alitumia mota ya mashine ya kufulia. Waya ukikatika katikati ya kazi, mtu huanza upya, na ukilegea, kinasa hupiga kelele sauti ikipandishwa. Ndiyo maana koili iliyokamilika hutumbukizwa kwenye nta iliyoyeyushwa.

Kinasa cha koili moja hudaka pia mngurumo wa umeme wa nyumba. Kuzungushia tundu lake karatasi ya shaba na kuunganisha daraja na waya wa ardhi hupunguza mngurumo huo. Seth Lover wa kampuni ya Gibson aliumaliza mwaka 1955 kwa koili mbili zinazopingana, na mjenzi wa nyumbani anaweza kufanya vivyo hivyo mradi asikosee mwelekeo wa sumaku.

Red Special

Gitaa la nyumbani lililofika mbali kuliko yote ni Red Special. Mpigaji Brian May alilianza na baba yake Harold, fundi wa elektroniki, mwezi Agosti 1963, Brian akiwa na umri wa miaka 16, na kazi ikachukua takriban miaka miwili. Shingo ilichongwa kutoka kwenye mahogani ya rafu ya meko ya kale, na matundu ya fukusi yakazibwa kwa njiti za kiberiti. Sehemu ya mwili ilitoka kwenye meza ya mwaloni. Alama za freti ni vifungo vya lulu vya mama yake. Daraja linalotikisa sauti limeegemea makali ya chuma kigumu na kurudishwa na springi mbili za valvu za pikipiki ya mwaka 1928. Mkono wake ni chuma kilichokuwa kikishikilia mkoba wa baiskeli, na ncha yake ni kipande cha sindano ya kufumia.

Hayo ya mabaki ndiyo husimuliwa sana, lakini ubora wa gitaa hili hauelezwi na mabaki. Baba na mwana walijaribu kila sehemu kabla ya kuifunga, hasa msuguano wa nyuzi kwenye daraja, ili uzi ukitikiswa urudi palepale. Vinasa vya kwanza waliviunda wenyewe. Vilitoa sauti nzuri, ila uzi ulipovutwa pembeni kelele ilitokea kwa sababu ya jinsi ncha za sumaku zilivyopangwa, kwa hiyo May akanunua vitatu vya kampuni ya Burns. Kila kimoja kina swichi ya kukiwasha na nyingine ya kugeuza mwelekeo wake. Kwa gitaa hilo alirekodi na bendi ya Queen pamoja na mwimbaji Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, na mwezi Juni 2002 alilipiga juu ya paa la kasri la Buckingham.

Kwingineko

Katika Umoja wa Kisovyeti, ambako magitaa ya dukani yalikuwa adimu, majarida ya ufundi ya vijana nayo yalichapisha michoro. Mjini Kinshasa, kundi la Konono No. 1 liliunda vinasa kwa sumaku za vipuri vya magari na kuvifunga kwenye likembe, ala ya kupigwa kwa vidole gumba. Likembe si gitaa, lakini kanuni ni ileile ya Beauchamp.

Hatari ya michoro ya kale

Majarida mengi yaliambatanisha mchoro wa amplifaya ya valvu, na hapo ndipo ilipo hatari. Baadhi ya saketi za wakati ule hazikuwa na transfoma ya kutenganisha umeme wa ukutani na fremu ya chuma. Plagi ikigeuzwa, fremu, daraja na nyuzi zote hushika volti 240 mikononi mwa mpigaji. Mwaka 1972 mpigaji Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alikufa jukwaani Swansea kwa umeme wa vyombo visivyounganishwa na ardhi. Hata amplifaya iliyozimwa na kuchomolewa inaweza kubaki na volti mamia kadhaa ndani ya kapasita zake.

Anayetaka kujenga kwa mchoro wa zamani na ajenge gitaa, kwani ndani ya gitaa lenyewe hakuna umeme wa kuua. Amplifaya ya mchoro huo asiiunde, na asiliunganishe gitaa lake na chombo chochote ambacho fundi umeme hajathibitisha kuwa kina transfoma na waya wa ardhi.