Mkao wa Nyuzi

Mjini Kangundo neno "kutyuni" lina kazi nyingi. Fundi wa gereji anatyuni injini, mzee anatyuni redio mpaka stesheni ishike, mpiga gitaa anatyuni kabla ya kupanda jukwaani. Neno limeshaingia, wala sina ugomvi nalo. Ugomvi wangu ni kwamba limebeba mizigo miwili: kazi ya kukaza na kulegeza nyuzi, na hali ya nyuzi kazi hiyo ikishakwisha. Ukimwambia kijana "badilisha tyuni", hajui kama aanze upya au ahamie mpangilio mwingine.

Wapo wanaoandika "urekebishaji wa nyuzi". Hapana. Kinachorekebishwa kimeharibika, na gitaa langu ni zima.

Kazi yenyewe naiita kupatanisha nyuzi. Zikikosana zinaumiza masikio, zikipatana zinakaa. Na jinsi zinavyokaa ndio mkao.

Mpiga gitaa anaweza kuishi bila neno hili la pili, maana gitaa lina mkao mmoja unaojulikana kote, E A D G B E, kuanzia uzi mnene. Umuhimu wa neno unaonekana kwenye banjo, ambayo hubadilishiwa mkao kufuatana na wimbo. Banjo ni ngoma iliyoota shingo. Ilizaliwa ng'ambo ya Atlantiki mikononi mwa Waafrika waliotekwa utumwani, kwa kumbukumbu ya ala za Afrika Magharibi. Hata uso wake huwambwa kama ngoma, na neno kuwamba tunalo tangu zamani. Waliocheza kilumi, ngoma ya Wakamba, wanajua ngoma iliyolegea ngozi inavyoaibisha.

Banjo ya nyuzi tano ina uzi mmoja mfupi unaoanzia katikati ya shingo. Kidole gumba huugusa tena na tena, ukivuma chini ya wimbo mzima kwa sauti ileile. Huo nauita uzi wa mvumo. Ukichagua mkao, swali la kwanza ni hili: je, mvumo huo unaafikiana na wimbo?

Waliolelewa kwenye kwaya watanielewa upesi kwa do-re-mi. Mkao wa G huandikwa gDGBD, herufi ndogo ikiwa ya uzi mfupi. G ikiwa do, nyuzi zinasema do, so, do, mi, so: zikigongwa bila kubonyezwa tayari ni kodi kamili, yaani sauti kadhaa zinazopatana zikilia pamoja. (Ndiyo, kodi. Wanamuziki na watoza ushuru wataendelea kugombea neno hilo.) Sasa pandisha uzi wa pili, ukihesabu kutoka mwisho wa herufi hizo, kwa nusu toni tu, B iwe C. Mkao unakuwa gDGCD: do, so, do, fa, so. Mi imeondoka, na mi ndiyo huamua kama wimbo una uso wa furaha au wa huzuni. Nyimbo za kale ambazo hazitaki kuamua hukaa vizuri hapo. Ukishusha na uzi wa nne kutoka D hadi C, unapata gCGCD. Do imehamia C, na mvumo umegeuka so. Uzi wa mvumo haukuguswa, lakini wimbo umehamia nyumba nyingine.

Tusichanganye mkao na kimo. Mwimbaji akitaka sauti ya juu zaidi, nyuzi haziguswi. Shingo hufungwa kibano, ambacho kwa wengi kimekuwa penseli na mpira. Ila kwenye banjo uzi mfupi hupandishwa peke yake, kwa sababu kibano hakiufikii. Mkao unabaki uleule, kimo ndicho kimepanda.

Basi kupatanisha, mkao, mvumo, kibano. Mwanamuziki Kakai Kilonzo na bendi yake, Kilimambogo Brothers, walituonyesha kwamba benga la Ukambani, muziki wa gitaa, linaweza kuimbwa kwa Kiswahili na likauza. Kueleza nyuzi zake kwa Kiswahili ni kazi ndogo zaidi. Kama kwenu wazee walikuwa na neno lao kabla ya "kutyuni", liandike ulilete. Nitaliacha langu bila kinyongo.