Ua wa Miti Hai Kwamkoro: Historia Isiyosomwa Darasani

Ndugu wanafunzi wa zamani, nanyi wadogo zetu mlio bado madarasani, historia tuliyofundishwa shuleni ilihusu zaidi watawala, vita na mikataba. Iko nyingine iliyoandikwa ardhini kwa miti, nayo ni historia ya ua. Ukitembea Kwamkoro ukautazama ua mmoja baada ya mwingine, utatambua nani alikuja, alitaka nini, na nani alizuiwa asipite.

Huku kwetu Usambara ya Mashariki mvua si haba. Amani, jirani zetu, hupata karibu milimita 1,900 kwa mwaka, na kijiti ukichomeka leo baada ya muda kinachipua. Kwa hiyo anayetaka kujisitiri hana haja ya matofali.

Kabla ya mkoloni, wakulima wa Usambara, kama wenzao wa Upare na Kilimanjaro, walionyesha mipaka kwa masale. Masale hukaa kijani kiangazi na masika. Jamii yake moja wataalamu wameipa jina la milima yetu hii: Dracaena usambarensis. Hayana mwiba hata mmoja. Nguvu yake ilitoka katika maafikiano ya majirani, na kuyang'oa kulikuwa kuvunja neno la watu wawili. Kule Kilimanjaro isale huchukuliwa pia na mtu anayekwenda kuomba msamaha.

Kisha wakaja Wajerumani. Katika miaka ya 1890 walifyeka misitu ya Usambara wapande kahawa, na amri ya Novemba 1895 ikatangaza kwamba ardhi yote waliyoiona haina mwenyewe ni mali ya dola yao. Mpaka ukawa ramani na bikoni. Mwaka 1902 wakaanzisha chuo cha utafiti cha Amani, na mimea ya Asia, Amerika na pembe nyingine za Afrika ikaletwa kujaribiwa kwa mamia. Chini ya Waingereza, kuanzia 1926, chai ikawa kilimo cha biashara katika Tanganyika. Makazi ya kikoloni kote Afrika Mashariki yakazungushiwa nyua zilizokatwa kama kwa rula. Mmea mmoja uliopendwa ulitoka kusini mwa Afrika, wenye miiba mirefu, ambao watu wengi huuita tu mchongoma. Mwingine ni lantana ya Amerika, yenye maua ya kupendeza. Ua wa namna hiyo haukungoja jirani akubali. Ulikuwa amri ya mtu mmoja.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Baadhi ya wageni hao hawakukaa bustanini. Ndege hula matunda ya lantana na kutawanya mbegu zake. Hondohondo nao wameueneza msituni mti uitwao Maesopsis, uliopandwa Amani na asili yake ni nchi za Ziwa Viktoria. Msitu wa Kwamkoro leo ni sehemu ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, iliyotangazwa 1997, yenye hekta 8,380. Humo mna mimea na wanyama wasiopatikana kwingineko duniani. Basi anachopanda mtu uani kwake ni jambo linaloihusu hifadhi nzima.

Katika utumishi wangu serikalini nimesikiliza mashauri mengi ya mipaka. Bikoni huhamishwa usiku, na seng'enge huoza. Lakini mstari wa masale ya zamani, yenye mashina mazito, ni shahidi asiyehongeka, maana unene wa shina hauwezi kughushiwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, imeweka mabaraza ya vijiji ya kusuluhisha magomvi ya ardhi, na mbele ya wazee wa baraza mstari kama huo huzungumza kuliko karatasi nyingi.

Kwa hiyo natoa rai: shule yetu ijenge ua wa masale kuzunguka nyumba za walimu na bustani. Vipande vya shina vikatwe mwanzoni mwa masika, vichomekwe katika mistari miwili, kila kipande cha mstari wa nyuma kikiziba mwanya wa mstari wa mbele. Vipande visiwe na kimo kimoja: virefu, vya kati na vifupi vichanganywe. Masale huchipua chini kidogo ya pale yalipokatwa, hivyo majani yatajaa tangu chini hadi juu. Baadaye, shina linalobaki uchi likatwe tena. Ua huu hauna haraka. Utachukua miaka kufunga sawasawa. Na kabla ya kuchomeka kipande cha kwanza, majirani waitwe waonyeshwe mstari, wakubali.

Kila atakayehudhuria mkutano wetu ujao na alete vipande viwili. Majembe yapo shuleni.